Kazi Moja, Mishahara Miwili: Habari ya Wamama wa Jiji la Glasgow

 

Kuna ugomvi wa mashamba, kuna ugomvi wa maji, na kuna ugomvi wa malipo. Leo tuzungumze juu ya huo wa tatu, maana ndio unaojificha zaidi. Wewe unaufahamu. Mradi umekuja kutengeneza barabara. Wanaume wamepewa koleo na sururu, wamama wamepewa kubeba mawe na kuchota maji. Siku ya kulipwa kila mmoja anahesabu chake, na hesabu hazilingani. Anayeuliza anajibiwa kwamba ile ya koleo ni kazi, hii nyingine ni kusaidia kazi. Au anajibiwa kwamba yeye ni mgeni, ameletwa na vita, ashukuru kwa alichopata. Watu wanarudi nyumbani kimya. Wakubwa wanaona kimya hicho na kukiita amani.

Nitakupeleka mbali, hadi mji wa Glasgow, katika nchi ya Uskoti, iliyo sehemu ya Uingereza. Usidhani ninakupeleka huko kwa sababu Wazungu wanajua haki kuliko sisi. Utasikia mwenyewe namna walivyokosea, tena kwa miaka mingi, wakiwa na mawakili na makompyuta. Nimeichagua habari hii kwa sababu kila hatua yake iliandikwa, na kwa hiyo tunaweza kuona kosa liliingilia mlango gani.

Glasgow ni mji wa wafanyakazi tangu zamani, mji wa kujenga meli. Watu wake walizoea kudai. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wenye nyumba walipandisha kodi huku wanaume wengi wakiwa vitani. Wamama wa mitaa ya Govan wakakataa kulipa. Mmoja wa viongozi wao aliitwa Mary Barbour. Afisa wa mahakama alipokuja kutoa vyombo vya mtu nje, wamama walijaa kwenye ngazi na mlangoni asipate kupita. Mwaka ule ule serikali ikatunga sheria ya kuzuia kodi isipande. Mama Barbour mwenyewe akachaguliwa mwaka 1920 kuingia katika baraza la jiji. Litunze jina hilo la baraza la jiji, kwa sababu baraza hilo hilo ndilo baadaye lilikuja kuwa mdaiwa wa wamama.

Baraza la jiji katika Uingereza ni mwajiri mkubwa. Linaajiri wazoa taka, watengeneza barabara, wachimba makaburi, watunza bustani. Linaajiri pia wapishi wa shule, wafagiaji wa maofisi, walezi wa watoto wadogo, na wale wanaozunguka nyumba kwa nyumba kuwaogesha wazee, kuwalisha na kuwapa dawa. Kundi la kwanza karibu wote ni wanaume. Kundi la pili karibu wote ni wanawake. Sheria ya malipo sawa ilipitishwa mwaka 1970 na kuanza kutumika mwisho wa mwaka 1975. Tangu mwaka 1984 iliongezwa kwamba hata kazi zisizofanana, kama zina thamani sawa, zilipwe sawa. Kwa hiyo kwenye karatasi mambo yalikuwa yamekwisha.

Lakini kwenye mfuko hayakuwa yamekwisha. Katika mabaraza mengi ya Uingereza wanaume wa kazi za mikono walipata nyongeza juu ya mshahara, ile ambayo wengi wetu tunaita prime. Mzoa taka na mfagiaji wa shule walikuwa daraja moja kwenye daftari. Mwezi ulipoisha mzoa taka alipata mshahara na prime, mfagiaji alipata mshahara tu. Ukiuliza sababu, uliambiwa prime ni ya bidii. Ni nani aliyepima bidii ya mama anayemwinua mzee aliyepooza kitandani saa moja ya asubuhi? Hakuna aliyeipima. Prime zilipangwa mezani kati ya wakubwa na sendika, na mezani pale waliokaa walikuwa wanaume pande zote mbili.

Hapa niseme neno juu ya sendika, yaani chama cha wafanyakazi, maana wengine watasema mimi ninazisifu. Sendika ni chombo kizuri. Bila sendika mtu mmoja mbele ya mwajiri ni kama kuku mbele ya mwenye kisu. Lakini sendika ina wanachama wengi, na wanachama hao hawana shida moja. Katika mji wa Middlesbrough, kaskazini ya Uingereza, wamama waliishitaki sendika yao wenyewe, iitwayo GMB. Walisema sendika iliwashawishi kukubali malipo madogo ya haki zao za nyuma, ili fedha zibaki kwa kulinda mishahara ya wengine na kazi za siku zijazo. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa iliwapa wamama haki. Mahakama haikusema sendika ilikosea kutaka kulinda watu wote. Kosa lilikuwa namna: haikuwaeleza wamama waziwazi walichokuwa wanaachia. Wewe shefu unayesuluhisha watu, liangalie vizuri jambo hili. Mtu anaweza kusamehe deni. Lakini kwanza aambiwe deni ni kiasi gani.

Turudi Glasgow. Mwaka 1999 mabaraza ya Uskoti na sendika walikubaliana kuondoa tofauti kati ya watu wa ofisi na watu wa mikono, wote wawe na ngazi moja ya mishahara. Glasgow ilichelewa kutimiza. Ilipofika miaka ya 2006 na 2007, jiji likaleta mpango mpya. Kila kazi ilipimwa na kupewa pointi, na pointi zikawa mshahara. Mpango ulikuwa na kurasa nyingi na lugha safi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwanamke alipwe kidogo.

Ila palikuwa na kanuni moja ndogo. Mfanyakazi aliyefanya saa 37 au zaidi kwa juma alipewa pointi za ziada. Kanuni haikutaja mwanamume wala mwanamke. Basi jiulize ni nani katika mji ule aliyekuwa na mkataba wa saa 37. Walikuwa wazoa taka na watengeneza barabara. Mama anayekwenda kwa wazee alfajiri, akarudi kupeleka watoto shule, akaenda tena jioni kuwalaza wazee wale wale, mkataba wake mara nyingi ulikuwa wa saa pungufu. Zile pointi zilimpita. Tena wanaume waliopoteza prime zao za zamani walilindiwa mishahara yao kwa miaka mitatu ili wasiumie ghafula. Mama ambaye hakuwahi kupewa prime hakuwa na kitu cha kulindiwa. Unaona jambo lilivyogeuka? Aliyependelewa jana alilindwa kwa sababu alipendelewa, na aliyeonewa jana alikosa kwa sababu alionewa.

Ninaposoma habari hii ninakumbuka yetu. Wazee watakumbuka neno statut unique. Wakati wa Wabelgiji mtumishi Mwafrika na mtumishi Mzungu waliandikwa katika vitabu viwili. Chama cha watumishi Wakongomani wa serikali, kilichoitwa APIC, kilidai kitabu kimoja. Patrice Lumumba, alipokuwa karani huko Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, alikiongoza chama hicho katika jimbo lake. Mwaka 1959 sheria ya kitabu kimoja ikaanza. Lakini kitabu kimoja kilikuwa na ngazi nyingi, na kupanda ngazi za juu kulihitaji vyeti ambavyo shule za koloni hazikuwa zimewapa Wakongomani. Uhuru ulipofika mwaka 1960, katika ngazi tatu za juu, zenye watumishi zaidi ya 4,000, Wakongomani walikuwa watatu tu. Si sheria iliyowakataza. Ni kanuni ya vyeti, kama kule ilivyokuwa kanuni ya saa.

Sasa wamama wa Glasgow walifanya nini? Walikwenda mahakamani, na hapo nisikudanganye, ilikuwa njia ndefu yenye kuchosha. Mwaka 2009 jiji lilikuwa limewahamisha walezi wa wazee, wapishi na wafagiaji kwenda kampuni iitwayo Cordia, kampuni ya jiji lenyewe. Kisha likasema kwamba mtu wa Cordia hawezi kujilinganisha na mzoa taka wa jiji, maana waajiri ni wawili. Ni kama baba aliyempeleka mtoto kula kwa shangazi, halafu akasema huyo si wangu. Mwaka 2014 mahakama kuu ya Uskoti ikalikataa neno hilo. Mwezi wa tano mwaka 2017 mahakama ikawapa wamama haki juu ya ile miaka mitatu ya kulindiwa mishahara. Mwezi wa nane mwaka ule ule ikasema jiji halikuthibitisha kwamba mpango wake wa pointi ulikuwa halali. Mpango uliotetewa kwa miaka kumi ulianguka.

Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 2017 uongozi wa jiji ulibadilika. Chama cha Labour, kilichotawala kwa miaka mingi, kilishindwa na chama cha SNP, na mama mmoja, Susan Aitken, akawa kiongozi wa baraza. Wapya waliahidi kuacha kukata rufaa na kukaa mezani. Wamama walifurahi. Mikutano ikaanza, ukapita mmoja, ukapita mwingine, ikapita zaidi ya ishirini. Kila mkutano ulikuwa na chai na maneno mazuri. Sendika zikasema hakuna hata neno moja la maana lililofikiwa. Jiji likajibu kwamba mazungumzo yanaendelea, kwa hiyo hakuna haja ya mgomo.

Ninyi mliokaa katika mikutano ya amani mnaijua hali hii. Upande mmoja una haraka na upande wa pili hauna. Asiye na haraka huwa anapenda sana mikutano.

Tarehe 23 na 24 mwezi wa kumi mwaka 2018 wamama zaidi ya 8,000 waligoma kwa siku mbili, wakiwa chini ya sendika za GMB na Unison. Shule nyingi za watoto wadogo zilifungwa. Walitembea kutoka uwanja wa Glasgow Green hadi George Square, mbele ya jumba la baraza. Walieleza kwamba tofauti kati yao na wanaume wa daraja lao ilifika hadi paundi 3 kwa saa. Kwa mtu wa mshahara mdogo hiyo ndiyo tofauti kati ya kulipa moto wa nyumba wakati wa baridi na kukaa na koti ndani.

Sasa nisikilize kwa makini, maana nimekuleta hadi hapa kwa ajili ya jambo hili. Wagomaji katika nchi ile husimama mlangoni mwa kazi, na desturi ya sendika ni kwamba mwenzako akisimama pale wewe huingii. Asubuhi ile baadhi ya wamama walikwenda kusimama kwenye mageti ya magari ya taka. Wanaume walifika. Hao ndio waliopata prime miaka yote ile, na hao ndio jina lao lilitajwa mahakamani kila siku kama mfano wa waliopendelewa. Mtu angeweza kutazamia matusi. Wanaume mia kadhaa walikataa kuvuka, wakaacha magari ndani. Kwa sheria ya Uingereza jambo hilo lilikuwa la hatari kwao, maana wao hawakuwa wamepiga kura ya kugoma, na sheria hairuhusu kugoma kwa ajili ya mwingine. Waliijua sheria hiyo. Taka zikabaki barabarani siku hizo.

Kwa nini walifanya hivyo? Wengi wa wamama wale walikuwa wake zao, dada zao, mama zao na majirani. Hiyo ni sababu moja. Nyingine, kwa maoni yangu, ni kwamba wamama hawakuwahi kudai prime ya mzoa taka iondolewe. Katika madai yao hapakuwa na mstari wowote uliosema huyu apunguziwe. Waliuliza swali moja kwa mwajiri, wala hawakumgeuzia jirani. Ungekuwa wewe mzoa taka, na wamama wangekuja getini wakipiga kelele juu ya mshahara wako, ungezima gari?

Mwezi wa kwanza mwaka 2019 makubaliano yalifikiwa, na hesabu ilikuwa karibu paundi milioni 548. Maelfu ya watu walilipwa malimbikizo yao kuanzia mwaka huo. Baadhi ya wamama walikuwa wamekwisha kufa wakingoja, na haki yao ikaenda kwa watoto wao. Na kwa sababu mpango wa zamani wa mishahara uliendelea kutumika huku mpya ukingojewa, deni liliendelea kukua, hadi mwaka 2022 yakaja makubaliano ya pili. Yote mawili pamoja yalipita paundi milioni 700.

Fedha zilitoka wapi? Jiji liliuza nyumba zake. Majumba ya michezo, ya muziki, ya makumbusho, yaliuzwa kwa kampuni inayomilikiwa na jiji lenyewe, kampuni ikakopa benki, na jiji likakodi majumba hayo hayo. Mwaka 2022 zamu ikafika hata jumba lake la baraza, lile la George Square ambalo wamama walisimama mbele yake. Baraza likawa mpangaji nyumbani mwake. Kama wangelipa sawa mwaka 2006, gharama ingekuwa ndogo sana, kwa kuwa deni la mshahara linazaa kila mwezi.

Wengine wanauliza: je, si afadhali kusawazisha kwa kumshusha wa juu? Mji wa Birmingham umetupa jibu lenye uchungu. Mwaka 2012 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliruhusu wamama waliokwisha kuacha kazi pale kulishitaki jiji. Mwezi wa tisa mwaka 2023 jiji likatangaza kwamba haliwezi kusawazisha hesabu zake, na madai ya malipo sawa yalikuwa moja ya sababu. Kisha likafuta cheo kimoja cha wazoa taka, likisema cheo hicho kinaweza kuleta madai mapya. Sendika yao, Unite, ikasema baadhi ya watu watapoteza hadi paundi 8,000 kwa mwaka, jiji likabisha hesabu hiyo. Mwezi wa tatu mwaka 2025 wazoa taka wakaanza mgomo usio na siku ya mwisho, na mifuko ikarundikana mitaani, panya wakaongezeka. Mfagiaji na mzoa taka, ambao Glasgow walisimama kwenye geti moja, Birmingham waliwekwa kila mmoja upande wake. Mimi sijui kuwalaumu wale wanaume. Aliyepunguziwa mshahara ili mwingine apate haki, hiyo haki haionekani kwake kama haki.

Basi wewe mwenye kuandika orodha ya wafanyakazi wa barabara, ninakuomba uichukue karatasi yako usiku wa leo. Tazama safu ya malipo, kisha tazama kanuni iliyoizaa. Je, ni saa? Ni koleo? Ni cheti? Ni cheti cha kuzaliwa hapa? Jiulize ni nani kambini anayeweza kuitimiza kanuni hiyo na ni nani asiyeweza hata akitaka. Kama mradi ndio ulioleta kanuni, waulize wenye mradi mbele ya watu wote, wageni na wenyeji wakiwa wamekaa pamoja, ili asiwepo atakayeambiwa habari ya mwenzake pembeni. Na wewe mama unayebeba mawe, uliza kwa sauti malipo yako ni kiasi gani na ya koleo ni kiasi gani, bila kumtazama mwenye koleo.

Na wewe mwenye koleo, unasikiliza? Siku mwenzako atakaposimama njiani na ndoo yake chini, utapita pembeni yake?

Maswali na majibu yenu muyaandike, au mumwambie anayejua kuandika, myalete kwa kiongozi wa kikundi chenu cha kusikiliza. Tutayasoma hapa hapa, bila kutaja majina. Mbaki salama.